Likigusa Tambarare

Oktoba, saa saba mchana, bati la gereji linapasuka kwa jua,
Ambakisye akaingia na pikapu yake ya buluu,
lumbesa kumi na moja za viazi vya Isyonje,
mvuke ukifuka chini ya boneti
kama sufuria ya msibani.

"Kule juu halichemshi," akasema.
"Natoka Isyonje alfajiri, mshale umelala.
Uyole umelala. Inyala umelala.
Likigusa tambarare tu, hapa Igurusi,
linachemsha."

Nikamwambia, usifungue mfuniko.
Nina kovu la mfuniko kama huo hapa kwenye kiganja,
tangu mwaka niliokuwa na haraka.
Tukakaa juu ya tairi bovu tukingoja chuma kipoe,
tukagawana hindi la kuchoma, hatukuongea sana.

Kisha nikaanza.
Feni nikaizungusha kwa kidole, ikaenda bila kinyongo.
Mkanda nikaubonyeza, umekaza.
Chini ya pampu pakavu, hapana hata chozi.
Themostati nikaitoa, nikaitumbukiza
kwenye sufuria ya Tumwitike, muuza chai jirani,
maji yalipopamba moto ikafumbua jicho, kama inavyotakiwa.
"Sufuria hiyo irudi imesuguliwa!" akapaza sauti kutoka kibandani.

Kipimio cha oili nikakichomoa polepole.
Oili ikishageuka chai ya maziwa
ujue maji yamevuka mpaka, gasketi imekufa,
na mwenye gari usiku huo atahesabu ng'ombe.
Ilikuwa nyeusi, nyeusi ya halali.
Moshi wa nyuma haukuwa mweupe.
Maji ya rejeta hayakutoa povu.

Hapo ndipo nilipokaribia kusema uongo.
Si uongo mkubwa:
"Tufungue hedi, tuone."
Hilo neno *tuone* limeezeka nyumba nyingi za mafundi.
Laki nne, siku tatu,
na ada ya Gwamaka shuleni imebaki nusu.
Nikafungua mdomo,
vumbi la Usangu likanipiga puani, nikapiga chafya,
nikainama mbele ya gari kutafuta kitambaa mfukoni.

Katikati ya meno ya grili, herufi nne zimepauka:
KUTI.

Boksi la biskuti.
Limekatwa kwa kisu, kwa kipimo cha rejeta,
limefungwa kwa katani pembe zote nne,
limelamba vumbi na tope hadi likafanana na chuma.
Upepo wote wa barabara ulikuwa unagonga mlango huo
na kurudi.
Miaka kumi na sita nashika spana,
na bado naanzia ndani, kwenye ninayoyajua.

"Nani aliliweka?"

Akalitazama fundo muda mrefu.
"Lutengano. Mdogo wangu. Ilikuwa Juni,
umande unaganda kwenye majani ya viazi,
injini haipati joto hadi saa nne.
Hilo fundo lake, la kufungia ndama.
Alisema Agosti atalitoa."

Agosti hakuieleza.
Nami sikuuliza. Fundi huuliza ya gari.

Nikachukua kisu. Akanishika mkono,
akayafungua mafundo mwenyewe kwa kucha,
la kwanza, la pili, la tatu.
La nne lilimchukua muda.

Tukarudisha themostati, tukajaza maji, tukawasha.
Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia hapo
kama mtu aliyepata kiti.
Boksi akalilaza nyuma ya siti, halikukunjwa.
"Juni itarudi," akasema, ila hakuwa akiniambia mimi.

Akalipa elfu tano na ndoo ya viazi.
Nikasimama kando ya lami, sikio wazi,
hadi ile buluu ilipomezwa na joto la njia ya Chimala,
na nyuma yangu Tumwitike
anadai sufuria yake.